Aliyeiba Bwawa la Mokrov

Ludmila Vrbová hakumwamini mtu yeyote aliyeingia sebuleni mwake na mikono mifukoni, na siku ya Mtakatifu Stefano mwaka huo Otakar Pešl aliingia na mikono yote miwili mifukoni, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Krismasi njema, Lida."

"Na kwako pia. Futa viatu."

Alifuta. Ludmila asingeweza kumkatalia. Mjini Mokrov nyumba yenye Bethlehemu, yaani vinyago vya kuzaliwa kwa Yesu vilivyopangwa kama mji mdogo, hutundika nyota ya kijani mlangoni siku ya pili ya Krismasi, na tangu hapo hadi Sikukuu ya Mishumaa, mwezi wa pili, mlango haufungwi mchana. Aingiaye haulizwi. Anatazama, anasifu, anapewa bilauri ndogo ya pombe ya cheri, anakwenda nyumba inayofuata, na akishapita nyumba kadhaa anaanza kuona mamajusi wanne. Hata hasimu wako wa mwaka mzima unamfungulia, na unammiminia. Ludmila aliishika desturi hiyo kwa nguvu zote, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku mizani ya bucha, alishuku utabiri wa hewa, na uyoga wake wa vuli aliufuata kwa njia ya kuzunguka ili asiandamwe na majirani.

Bethlehemu yake ilichukua ukuta mzima wa sebule. Babu yake, Matouš Kalous, seremala aliyechonga vinyago wakati wa baridi, hakuwahi kufika nchi ya Wayahudi wala hakuona sababu ya kuikisia. Alichonga Mokrov. Kilima cha ngome na mnara wake uliobaki nusu, daraja lililopinda, kanisa, Kichochoro cha Wafumaji, kiwanda cha bia na bwawa lake, vyote juu ya vilima vya karatasi vilivyotandikwa yale majani laini yanayoota juu ya mawe msituni. Zizi la Mwokozi liliangukia mahali ambapo kwa kweli pana machinjio. Na kila kinyago kilikuwa na uso wa mtu wa mji. Yosefu alikuwa na pua ya mwokaji mikate wa zamani. Mfalme mweusi alikuwa mchoma makaa wa ng'ambo ya mto, ambaye hata Jumapili hakutakata. Watoto walioletwa walitafuta mababu zao humo, wakapiga kelele walipowaona wamebeba bata.

Mambo mawili tu hayakuwa sawa katika mji ule wa mbao.

La kwanza lilikuwa bwawa. Babu alilitengeneza kwa kioo cha mviringo chenye ukingo wa bati, kilichotoka katika mkoba wa mkewe. Krismasi ya mwaka 1962, mwaka ambao Ludmila aliolewa, mtu alikiiba. Walikuta shimo tu kwenye majani. František, baba yake Ludmila, mwanamume wa mzaha na kodiani, mtu ambaye harusi haikunoga bila yeye, siku hiyo aligeuka mbogo. Alipekua makoti ya wageni, akamfokea hata padri, yote kwa ajili ya kioo ambacho gulioni ungekipata kwa bei ya andazi. Tangu hapo bwawa la Mokrov lilikuwa kipande cha karatasi ya bluu ya kufungia sukari, mbele yake ikafungwa kamba, na Ludmila akajifunza kutazama mikono ya wageni.

La pili lilikuwa yule mtu wa ukutani.

Wakati wa vita, mwalimu Sedmík na mpika bia Doležal walikuwa wakisikiliza redio ya London, iliyokatazwa, katika handaki la barafu la kiwanda cha bia. Siku moja polisi wa Wajerumani walifika, na hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja hadi handakini. Wale wawili hawakurudi. Kila mtu alijua kwamba wamechongewa na mwenyeji, na hakuna aliyejua ni nani. Krismasi ya kwanza baada ya vita, Matouš Kalous akaweka kinyago kipya kwenye Bethlehemu: mwanamume mwenye kofia, mkanda umepita mgongoni, amelipa mgongo zizi na mji mzima, ameelekeza uso kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Kati ya pua yake na ukuta palikuwa na nafasi ya kidole.

"Ni nani huyu, Matouš?" waliuliza.

"Mwenyewe anajijua," alijibu, wala hakumruhusu mtu akiguse. Wasemao kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi hawakumwona mzee huyo akipita mbele ya kazi yake, kichwa kimeinama. Kabla ya Pasaka alikuwa amekufa.

Basi mji ukatazama mgongo, ukaona mkanda, ukasema: ni mkanda wa mkoba wa barua. Antonín Pešl, tarishi wa posta, nyumba yake ilipakana na kiwanda cha bia. Nani mwingine? Watu waliacha kumsalimu. Alipogonga mlango, barua zilipokewa kupitia dirishani. Alipokufa, wapiga tarumbeta ambao huko humsindikiza kila marehemu, hata mlevi, hawakuja. František Kalous, aliyekuwa mkuu wao, alisema pumzi zao zina kazi nyingine. Mtoto wa tarishi, Otakar, alitembea nyuma ya jeneza katika kimya ambacho Mokrov haijakisahau.

Huyo ndiye aliyesimama sasa sebuleni kwa Ludmila, mzee wa miaka sabini na ushei, kama alivyosimama kila mwaka siku hiyo hiyo, kwenye kona ile ile. Hakutazama zizi. Hakuwatazama mamajusi. Mwaka nenda mwaka rudi alimtazama mtu wa ukutani, akanywa bilauri yake, akaondoka. Ludmila alikuwa na hakika kwamba siku moja atafanya jambo.

Alimpa kisogo ili amimine pombe. Ubao wa sakafu ukalia. Alipogeuka, Otakar alikuwa ameinama kupita kamba, mkono umetoka mfukoni, na katikati ya vidole vyake kitu kikamemeta, karibu kabisa na kiwanda cha bia.

"Una nini mkononi?"

Mkono ukarudi mfukoni. "Sina kitu."

"Nimeona, Otakar."

"Umeona uzee unatetemeka." Alipokea bilauri, akanywa, akafuta mdomo. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hakuondoka. "Ukuta wa kiwanda unaliwa na wadudu, Lida. Tazama unga ule chini. Haufiki mwaka mwingine."

"Nimeuona."

"Itabidi umbandue yule mtu."

"Hilo ni langu."

"Ni lako, ndiyo. Nakuomba kitu kimoja. Usimbandue peke yako. Niite nije."

"Ili iweje?"

Aliirudisha bilauri mezani. "Pombe yako mwaka huu ni nzuri," alisema, akatoka.

Ludmila alibaki ameshika chupa. Usimbandue peke yako! Maneno ya namna gani hayo? Alichunguza kiwanda, akachunguza majani, akawahesabu kondoo. Hakuna kilichopungua, na hilo likamtia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwizi asiyeiba atarudi.

Haikupita muda akaingia Hedvika Štolbová, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari zikimfikia asubuhi hazilali njaa.

"Shoga, mbona umepauka? Umeona mzimu?"

"Nimemwona Otakar."

"Ni mamoja. Nimekutana naye ngazini. Amefanya nini?"

"Alikuwa na kitu kinang'aa mkononi. Alikuwa anamfikia yule mtu."

"Kisu!"

"Sikusema kisu."

"Sasa mwanamume atashika nini kinachong'aa, hereni? Ni kisu, Lida." Hedvika alijikaribisha kiti na biskuti ya vanila. "Huoni? Ukuta ukianguka, uso utaonekana. Anataka kuwahi kuukwangua uso wa baba yake kabla mji haujauona."

Lilikuwa jambo linaloingia akilini, na Ludmila mambo yanayoingia akilini kwa ubaya aliyapokea haraka.

"Na kasema nisimbandue peke yangu," aliongeza.

"Ehee! Awepo ili amnyakue. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Marehemu baba yako aliona mbali alipomkatalia posa. Fikiria ungekuwa leo Bi Pešlová!"

"Yaliyopita yamepita."

"Yamepita wapi? Yamesimama hapo kwenye kona," alisema Hedvika, akachukua biskuti nyingine.

Kesho yake, kwenye foleni ya bucha, kisu kilikuwa na urefu wa kidole. Kilipofika baa ya chini ya ngome kilikuwa cha kuchinjia nguruwe. Katika baa hiyo kila mzee ana kopo lake la bia kwenye msumari wake, na jioni Otakar alipoingia alikuta lake limeshushwa, limewekwa kaunta na kufunikwa kitambaa. Hakuna aliyemfukuza. Watu walisogea tu, meza ikawa imejaa ghafla. Inasemekana alilichukua kopo lake, akaliweka chini ya koti, akarudi nyumbani bila kunywa. Hedvika alilisimulia hilo kwa furaha, huku akipiga magoti yake kwa viganja. Ludmila alijaribu kufurahi naye, akashindwa.

Akitaka kumaliza jambo, siku iliyofuata alifanya kile ambacho hakuna Kalous aliyewahi kukifanya katikati ya msimu. Aliishusha nyota ya kijani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Alitaka kuona tu kama uso umeshaguswa. Alifungua kamba, akaweka kando karatasi ya bluu, akakivuta kiwanda cha bia. Unga wa mbao ulimwagika mezani. Hapo akaona kitu ambacho alikuwa akikijua maisha yake yote bila kukifikiri: ile nafasi ya kidole haikuwapo. Ilikuwapo alipokuwa mtoto. Baada ya wizi wa kioo, baba yake alimpaka gundi yule mtu kuanzia kofia hadi magotini, akamgandamiza mpaka pua ikazama ukutani. "Ili naye asiibwe," alisema. Na tangu hapo hadi kufa kwake, alipopanga na kupangua Bethlehemu, kona ya kiwanda hakuiachia mkono mwingine.

Ukuta ulivunjika kwa kidole gumba tu. Ludmila alibandua gundi kwa kisu cha kukatia viazi na maji ya moto, taratibu, kipande kwa kipande. Mkanda wa mgongoni aliufuata kwa kidole, ukapita begani, ukashuka kifuani, na kifuani hapakuwa na mkoba wa barua. Palikuwa na kodiani, imefungwa, vitufe vyake vidogo kama mbegu za mpopi.

Aliigeuza taa. Kidevu kilikuwa na kishimo katikati. Nyusi moja ilikuwa juu kuliko nyingine. Mdomo, ambao maishani haukuacha kutania, ulikuwa umefumbwa.

Alikuwa baba yake.

Kwanza alishuku, maana huo ndio uliokuwa moyo wake. Kimebadilishwa! Otakar amechonga kingine, amekileta mfukoni! Lakini gundi ilikuwa ya kale, ngumu kama ukucha, na kazi ya kisu ilikuwa ya babu. Mikunjo ile ya mikono ya shati hakuna mwingine aliyeiweza. Alikaa kwenye kiti cha wageni na kinyago mapajani. Aliyakumbuka maneno ya mama yake, yaliyosemwa zamani huku akimenya viazi, kwamba wakati wa vita walimkamata František siku moja kwa sababu ya nguruwe aliyechinjwa kwa siri, na watu wengine kwa kosa hilo walipotea kabisa, lakini yeye walimrudisha jioni ile ile, na kodiani yake begani. "Mungu alikuwa upande wetu," mama alisema. Kodiani ambayo alikuwa akiipiga kwenye kiwanda cha bia, kwa Doležal, kila Jumamosi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Babu hakuweza kumtaja mwanawe mbele ya mji, wala hakuweza kumwacha nje ya mji kana kwamba hakuzaliwa. Akamweka pale, na nafasi ya kidole, labda akitumaini kwamba siku moja atageuka mwenyewe. Na František akauacha mji umtwishe tarishi. Aliusaidia kumtwisha.

Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Ludmila alilifungua. Kipande kikavu cha mti wa mpea kingeteketea kabla ya chai kuchemka, na mji ungeamini alichoamini siku zote. Angesema Pešl amekiiba, na nani angebisha, kwani kisu si wamekwisha kukiona wote? Alisimama pale mpaka joto likamwunguza uso. Alimpenda baba yake. Hilo ndilo lililomwuma, kwamba hata wakati huo alimpenda, na mkono uliokuwa umeshika kinyago ulikuwa unakipangusa vumbi.

Alilifunga jiko. Akakifunga kinyago kwenye kitambaa, akavaa koti, akatoka.

Bwawa lenyewe la Mokrov, lile la maji, lilifukiwa miaka ya sabini yakajengwa maghorofa ya zege. Otakar aliishi humo, ghorofa ya tatu, na enzi watu walipokuwa wakitaniana naye walimwuliza kama samaki wanamsumbua usingizini. Alifungua mlango akiwa na sweta na soksi nene. Mezani palikuwa na kopo la bia, tupu, limeoshwa.

"Umekuja kutafuta kisu?" aliuliza. "Kipo jikoni. Ni butu."

Ludmila alivua viatu, akavaa sapatu za wageni zilizokuwa mlangoni, kama apasavyo mtu kufanya hata siku ya kiama. Kisha akasema, "Nimembandua."

Uso wa mzee ulibadilika. "Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ah, Liduška. Nilikuomba." Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Alimvutia kiti. "Keti. Nikutilie ramu kwenye chai."

"Ulijua!"

"Keti kwanza."

"Sikai! Tangu lini ulijua?"

"Tangu mwaka ule uliolewa," alisema Otakar. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kitu kilichomemeta, akakiweka mezani kati yao. Kilikuwa kioo cha mviringo chenye ukingo wa bati, kimechakaa kwa kushikwashikwa.

Ludmila akaketi.

"Mlikuwa jikoni, wewe na mama yako," alisema Otakar. "Mumeo alikuwa uani anapasua kuni. Mimi nimeachwa sebuleni na yule mtu. Nilikuwa nataka kujua, basi. Baba alikuwa kaburini, nami nilikuwa sijui nimlilie au nimteme. Nikaona bwawa. Nikalichukua, nikalipenyeza pale mbele ya uso wake, nikachungulia." Alimeza mate. "Nikamwona mzee wako. Mara nikasikia hatua zake ukumbini. Nikatia bwawa mfukoni, nikatoroka kama kuku."

"Ndiyo maana alichachamaa vile. Alielewa kioo kimefanya kazi gani."

"Alielewa. Tulikutana kesho yake darajani. Alinitazama, nikamtazama. Akanivulia kofia. Hakuwahi kunivulia kofia kabla ya siku hiyo, wala baada yake."

"Na wewe ukanyamaza! Miaka yote hii watu wanakutemea mate, unanyamaza! Kwa nini, Otakar?"

"Ningemwambia nani? Ulikuwa na mimba, tumbo hili hapa. Baba yangu asingefufuka. Nikasema, akijifungua nitasema. Ukajifungua. Nikasema, mzee akifa nitasema. Akafa, nawe ulilia pale makaburini mpaka nikaona haya. Baada ya hapo nikawa sijui naanzia wapi. Nikasema, angalau nirudishe bwawa. Kila mwaka naja nalo mfukoni, na kila mwaka unanikodolea macho kama askari wa forodha!"

Ludmila alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, cha sauti, bila kujificha. Otakar alisukuma kikombe cha chai kuelekea kwake, asijue afanye nini na mikono yake.

"Alipokataa posa yako," alisema Ludmila alipopata pumzi, "unajua aliniambia nini?"

"Sikuuliza."

"Aliniambia hatamwoza binti yake kwa damu ya msaliti. Nami nilimwamini. Nilikuwa nimekwisha kukukubali moyoni, halafu nikamwamini yeye."

"Hilo sikulijua," alisema Otakar. "Hilo ni afadhali sikulijua nilipokuwa kijana na nguvu zangu."

"Nifanye nini?"

"Ni babako. Mimi sikuamulii."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi nimeshindwa kurudisha hata kioo, Lida. Unaniuliza mimi?"

Jumapili nyota ya kijani ilikuwa mlangoni tena. Habari kwamba Ludmila alijifungia zilikuwa zimezunguka mji kwa bidii ya Hedvika, kwa hiyo sebule ilijaa kabla ya saa sita: mwuza nyama na mkewe, mwenye baa, wazee wa kwaya, mjukuu wa mwalimu Sedmík aliyekuja na watoto wake. Wote walikwenda kwanza kwenye kona. Walikuta kiwanda cha bia kina ukuta mpya, mweupe, wa ubao wa sanduku la machungwa. Mbele yake alisimama mtu mwenye kofia na kodiani, amewaelekea wote. Kamba ilikuwa imeondolewa.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Wengi wao walikuwa wamecheza dansi kwa muziki wa kodiani ile. Mwenye baa alivua kofia, kisha akaonekana kutojua kwa nini ameivua, akaivaa tena. Mjukuu wa Sedmík aliwashika watoto wake mabega.

"Ni baba yangu," alisema Ludmila, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Babu alimchonga yeye. Hakuna mwingine. Antonín Pešl hakufanya kitu chochote maishani mwake ila kuwaletea barua. Sasa kila mtu anywe bilauri yake."

Alimimina, na watu wakapokea kwa sababu ni desturi kupokea. Walikuwa bado wameshika bilauri zilizojaa wakati Otakar alipoingia. Alifuta viatu. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Watu walisogea, safari hii ili kumpisha, na mwuza nyama akatazama dari.

Alikwenda hadi kwenye kona. Alimtazama František Kalous uso kwa uso, kitambo. Kisha akainama, akaondoa karatasi ya bluu, akatoa kioo, akakilaza kwenye majani pale pale kilipokuwa zamani, akasogeza majani kwenye kingo zake kwa kidole mpaka bati likafichika.

Hedvika alikuwa wa kwanza kupata ulimi wake. "Jamani!" alimnong'oneza Ludmila, nusu chumba kikasikia. "Kumbe ndiye aliyeiba bwawa!"

"Ndiyo, aliiba bwawa," alisema Ludmila. "Na sisi tulimwibia baba yake."

Kisha akachukua bilauri kubwa, ile ya maji, akaijaza pombe ya cheri hadi ukingoni, akampelekea Otakar kwa mikono miwili.